Lami kuukuu ni mali, tusiitupe

Barabara ya lami nzito inapokwanguliwa ili itandikwe upya, mara nyingi malori hubeba yale makwanguo meusi na kwenda kuyamwaga kwenye shimo lililo karibu. Mimi ni mhandisi wa barabara, na jambo hili linaniuma.

Tupige hesabu. Kilomita moja yenye upana wa mita 7 na tabaka la sentimita 5 ina mita za ujazo 350, yaani takribani tani 800. Kokoto na mchanga ni kama asilimia 95. Asilimia 5 iliyobaki ni bitumeni, ile gundi nyeusi inayovishikanisha. Hizo ni tani 40 za bitumeni. Kokoto tunapasua hapahapa Tanzania, lakini bitumeni tunaagiza kwa dola, na bei yake hufuata ya mafuta. Marekani walilivalia njuga suala hili baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973. Leo, kwa wastani, zaidi ya asilimia 20 ya lami nzito mpya inayotengenezwa kule ni makwanguo.

Bitumeni ya zamani haijafa, imekakamaa tu kwa hewa na joto. Chota konzi ya makwanguo saa nane mchana, jua likiwaka, uyafinye: yanashikana. Kwenye mtambo wa kuchanganyia lami nzito, makwanguo hayaguswi na moto wenyewe, yataungua. Kokoto mpya hupashwa moto kupita kawaida, nazo ndizo huyapasha, kisha huongezwa bitumeni laini kidogo.

Kinachokula faida ni maji. Rundo likinyeshewa, mafuta mengi huteketea kulikausha kabla mchanganyiko haujafikia joto lake. Ndiyo maana nasisitiza paa la mabati juu ya rundo. Umbali nao una neno lake: machimbo ya kokoto yakiwa mbali, huku mtambo ukiwa karibu, makwanguo hushinda kwa nauli peke yake.

Lakini tunakwama kwenye mkataba. Mingi niliyoisoma husema "kwangua na uondoe", bila kutaja makwanguo ni ya nani. Mkandarasi analipwa kuyaondoa, basi anayatupa. Kuyamwaga kwenye mabega ya barabara ni nafuu kuliko shimoni, ila pale yanatumika kama kifusi na thamani ya bitumeni inapotea. Iandikwe wazi kwamba ni mali ya mwenye barabara, yapimwe kwa tani, na kila mzabuni atoe bei mbili: akiyatumia na asipoyatumia.