"Nesi, mchomeni sindano apumzike": maswali kuhusu kifo cha huruma

Swali: Hiki kifo cha huruma ni kitu gani hasa?

Mgonjwa haponi, anateseka, anaomba mwenyewe afe, na daktari anampa dawa ya kummaliza kwa makusudi. Ndo hiyo eutanasia. Ila kuna sehemu daktari anaishia kuandika dawa tu halafu mgonjwa anainywa kwa mkono wake, Oregon kule Marekani wako hivyo tangu 1997. Uholanzi wanaruhusu zote mbili, sheria yao ilianza Aprili 2002.

Swali: Kwa hiyo ndugu wakikubali mashine ya kupumulia izimwe wameua?

Hapana, na hapa ndo watu wanabebeshana lawama mpaka msibani bila sababu. Kuacha tiba isiyosaidia tena maana yake ugonjwa ndo unaua, sio wewe. Hata viongozi wa dini walishaligusa hili zamani: Papa Pius wa 12 mwaka 1957 alisema dawa ya maumivu inaruhusiwa hata ikifupisha maisha, mradi nia ni kutuliza maumivu, na wanazuoni wa baraza la fiqhi, yaani sheria za dini, la nchi za Kiislamu walipokaa Amman 1986 wakakubali mashine iondolewe kwa mtu ambaye madaktari wamethibitisha ubongo wake umekufa kabisa. Kuua kwa makusudi ndo wote wamekataa.

Swali: Kwetu sheria inasemaje?

Hairuhusiwi. Tanzania na Kenya kumsaidia mtu kujiua kunaweza kukupeleka jela maisha. Afrika Kusini mwanasheria mmoja mwenye kansa ya tezi dume, Robin Stransham-Ford, aliomba mahakama ya Pretoria imruhusu daktari amsaidie kufa, akakubaliwa Aprili 2015, kumbe alikuwa ameshakata roho mwenyewe saa chache kabla hukumu haijatoka. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaifuta ile hukumu.

Swali: Mwili si wangu? Kwa nini serikali inipangie?

Hiyo ndo hoja kubwa ya wanaotaka iruhusiwe na sio hoja ya kijinga, mtu mzima mwenye akili timamu anaujua mwili wake kuliko sisi wote tunaomsimamia kitandani. Wanaopinga wanasema roho sio mali yako, halafu wanasema mlango ukishafunguliwa kidogo hauzuiliki. Ubelgiji walianza na watu wazima 2002, 2014 wakaondoa kikomo cha umri. Kanada walianza 2016 na watu ambao kifo chao kiko karibu, 2021 wakaingiza na ambao hakiko karibu, na 2023 waliokufa hivyo walizidi 15,000. Mwenzako akiona hapo uhuru, mwingine anaona hatari.

Mimi kinachonisumbua ni kingine. Oregon wagonjwa wakiulizwa sababu, maumivu hayaongozi, wengi wanasema wamepoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao, na wengi wanaogopa kuwa mzigo. Sasa chukua hiyo "mzigo" uilete kwetu, bima hakuna, shamba limeshauzwa, mtoto wa kike kaacha biashara anamuuguza mama. Mama huyo akisema nataka kufa, ni yeye anasema au ni ile bili?

Swali: Bibi yangu ana kansa ya mlango wa kizazi, usiku kucha analia "Mungu nichukue". Anamaanisha?

Pole sana ndugu yangu. Muulize taratibu, asubuhi akiwa ametulia, bibi nini kinakuuma zaidi? Nilishamuuguza mama mmoja aliyekuwa anasema hivyohivyo, tulipompatia mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu ya kunywa, siku ya tatu akaomba uji na akauliza mbuzi wake nani anawalisha. Sio wote wanabadilika hivyo, wengine hawaumwi popote ila wamekata tamaa, na hao wanahitaji mtu wa kukaa nao na kuwasikiliza, sio kuambiwa "usiseme maneno hayo". Mueleze na daktari wake, usimfiche kitu, na muombe muelekezwe kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso hata kama haponi, hospitali ya kansa ya Ocean Road pale Dar wanayo. Uganda wametutangulia mbali, Dokta Anne Merriman alianzisha shirika la tiba hiyo, Hospice Africa Uganda, 1993, mofini ya maji inachanganywa palepale Kampala na manesi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika.

Swali: Akinywa mofini si atakuwa teja huyo? Na haitamuua haraka?

Bibi wa miaka 70 mwenye kansa hawi teja, akinywa kwa kipimo alichoandikiwa na daktari haimuui. Anakunywa kila baada ya saa nne kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ya kulalia daktari mara nyingi anaandika kipimo kikubwa mara mbili ya kile cha mchana, kwa mkupuo mmoja, ili alale hadi asubuhi. Siku za kwanza atasinzia na kichefuchefu kinaweza kuwepo, vinapungua. Kisichopungua ni choo kigumu, hivyo aandikiwe dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza, na papai lisikosekane. Chupa iwekeni juu kabisa watoto wasifike.