Sori sio samahani peke yake

Juzi kati tulikuwa tunashuka kutoka Ziwa Ngosi, mvua ndo imetoka kukatika na utelezi wa kule watu wa Mbeya mnaujua, mgeni mmoja wa Uingereza akateleza akakaa mzima mzima kwenye matope. Dogo aliyekuwa anatuongoza akamwambia fasta, "sori sana". Mgeni akajifuta, akamjibu kwa upole tu kwamba sio kosa lake. Dogo akanigeukia: "Kaka, kwani nimesema nimemsukuma?"

Wengi wetu shuleni tuliambiwa sori ni samahani, basi imeisha hiyo. Ukweli ni kwamba neno hilo limebeba samahani na pole kwa pamoja, na kwa asili liko karibu zaidi na pole. Kiingereza cha zamani walikuwa wanasema sārig, kutoka kwenye sār, yaani maumivu, ndo ndugu wa sore ya leo, ile ya koo linaniuma. Kwa hiyo mwenye sori alikuwa mtu ambaye roho inamuuma, mambo ya kuomba radhi yamekuja baadaye. Na wanaosema limezaliwa na sorrow, huzuni, hapana, hayo ni maneno mawili yenye mizizi tofauti, yamefanana tu.

Ndo maana Mwingereza akikukuta msibani atakwambia sori na hajamuua mtu. Dogo hakukosea. Ila pole yetu imetanuka kuliko sori yao, sisi tunampa pole hadi mtu anayelima, sasa wewe jaribu kumpa bosi wa kizungu sori ya kazi uone, atakuuliza umeharibu nini.

Halafu kuna hii ya kwamba ukisema sori umeshakiri kosa. Bodaboda wakigusana pale Mwanjelwa kila mtu kimya, anaogopa kulipishwa. Kanada waliliona hilo wakalitungia sheria kabisa, jimbo la British Columbia mwaka 2006 na jimbo la Ontario 2009, kwamba kuomba radhi kwako hakuhesabiki kuwa umekiri kosa kwenye kesi ya madai. Mimi hiyo naipenda sana, watu waachwe wapeane pole.

Na Mwingereza akikuambia "sori?" huku sauti inapanda, hajakukosea kitu, hajasikia tu, rudia.

Dogo nimemwambia abaki na sori yake, ila aunganishe hapo hapo na kuuliza umeumia, mgeni ataelewa anapewa pole.