Ripoti ya Mueller haikusema "hakuna kitu"

Miaka imepita, na bado ukitaja uchaguzi wa Marekani wa 2016 utaambiwa: "Si Mueller alichunguza akatoka mikono mitupu?" Hapana. Robert Mueller, mwendesha mashtaka maalumu aliyechunguza kama Urusi iliingilia uchaguzi huo na kama kampeni ya Donald Trump ilishirikiana nayo, alikabidhi ripoti yake Machi 22, 2019. Siku mbili baadaye Mwanasheria Mkuu William Barr akatoa barua ya kurasa nne yenye muhtasari wake, na wengi wakaishia hapo. Ripoti yenyewe, kurasa 448, baadhi ya mistari ikiwa imezibwa kwa wino mweusi, ilitolewa hadharani Aprili 18.

Humo imeandikwa waziwazi kwamba Urusi iliingilia uchaguzi ule kwa upana na kwa mpangilio. Kulikuwa na akaunti bandia mitandaoni zilizoendeshwa kutoka St. Petersburg, na kulikuwa na maafisa wa ujasusi wa kijeshi, GRU, waliodukua barua pepe za chama cha Democratic. Maafisa 12 wa GRU walifunguliwa mashtaka.

Kilichokosekana ni ushahidi wa kutosha kwamba kampeni ya Trump ilikula njama na serikali ya Urusi. Kuhusu kuzuia haki isitendeke, ripoti haikumtia Trump hatiani wala haikumsafisha. Na wapinzani wake wasijipe raha: waliotangaza kwamba njama imethibitishwa walisoma kisichoandikwa.

Tena wapo wanaodhani Trump alishtakiwa bungeni kwa sababu ya Urusi. Kesi ile ya Desemba 2019 ilihusu shinikizo lake kwa rais wa Ukraine.