Festa San Pedro ya Melaka: yanayodhaniwa na yalivyo

Kila tarehe 29 Juni, katika mtaa wa Wareno wa Ujong Pasir mjini Melaka, Malaysia, wavuvi hupamba mashua zao na padri huzibariki. Ni sikukuu ya Mtakatifu Petro, mvuvi mwenzao na msimamizi wao. Mengi yanayosimuliwa juu yake yamepotoka.

“Hao ni Wareno walioko ughaibuni.” Wareno waliiteka Melaka mwaka 1511, wakapokonywa na Waholanzi mwaka 1641. Wanaosherehekea leo ni Wakristang, raia wa Malaysia, uzao wa Wareno na wanawake wa Asia. Maneno ya lugha yao mengi ni ya Kireno, ila sarufi imeegemea Kimalei. Sisi wa pwani tusishangae. Wamalei wana bendera na meja, sisi tuna bendera na meza. Igreja, yaani kanisa, kwao ikawa gereja, bado kanisa. Kwetu ikawa gereza!

“Mtaa huo umekuwapo tangu enzi za Wareno.” Hapana. Ulianzishwa miaka ya 1930 kwa juhudi za mapadri wawili, ili familia maskini zilizotawanyika zipate makazi. Ndiyo maana wazee huuita Padri sa Chang, ardhi ya padri.

“Ngoma za sketi nyekundu zililetwa na mabaharia.” Zile ngoma za Kireno zinazochezwa kwenye sikukuu walijifunza miaka ya 1950. Ya zamani kwao ni branyo, ya fidla na ngoma, inayofanana na joget ya Wamalei. Humo mna mata kantiga, ambapo mwanamume na mwanamke hujibizana kwa beti mpaka mmoja aishiwe. Anayejua kujibizana kwa mashairi ataionja ladha yake mara moja, na kwangu hiyo ndiyo hazina yenyewe.

“Siku hizi ni maonyesho ya watalii tu.” Dhana hii inaniuma kuliko zote. Watalii huja, ni kweli, lakini kuna Misa na kuna watu wanaoombewa warudi salama. Wavuvi wa huko huingia majini kwa miguu, wakisukuma nyavu kutafuta geragau, uduvi wa kuchachusha kwa chumvi. Kinachoitishia sikukuu hii ni bahari kufukiwa ili kupata ardhi ya kujenga. Wavuvi wamelalamika miaka mingi, maana maji hayo mafupi ndiyo shamba lao.