Filta ya oili: kufunga si kufaa

Filta mbili za oili zinaweza kufanana kwa urefu, unene na hata rangi, zote zikafungika kwenye injini ileile, na bado moja ikawa inaimaliza injini hiyo polepole. Kwa hiyo swali linaloulizwa sana kaunta, "hii itaingia?", halitoshi. Swali la kuuliza ni namba ya spea.

Tuanze na hesi, yaani meno ya kufungia. Filta nyingi za kopo zina hesi ya M20x1.5, yaani kipenyo cha milimita 20 na nafasi ya milimita 1.5 kati ya meno, na nyingine nyingi zina hesi ya inchi 3/4 yenye meno 16 kwa inchi. Inchi 3/4 ni milimita 19.05, hivyo tofauti yake na milimita 20 haionekani kwa macho. Filta ya M20 ikiwekwa kwenye shina la inchi 3/4 (bomba lenye meno kwenye injini) itapanda, itazunguka, na gasketi ikigusa itaonekana imekaza sawasawa, kumbe imeshikwa na ncha za meno tu. Asubuhi ya baridi oili ikiwa nzito, presha huweza kupita baa 5 (baa ni kipimo cha presha) mara injini inapowaka, na hapo ndipo kopo hunyofoka na oili yote kumwagika chini. Filta yoyote huwa na ulegevu kidogo inapoanza kupanda, lakini ikiyumba waziwazi kushoto na kulia hata baada ya mizunguko miwili mitatu, itoe. Kipenyo cha gasketi nacho kipimwe kwa kuweka filta ya zamani na mpya uso kwa uso: raba ikae yote juu ya sehemu iliyosawazishwa ya bloku (mwili wa injini), isining'inie ukingoni.

Hayo ni ya nje. Tofauti kubwa zaidi imefichwa ndani ya kopo.

Oili huingia kupitia matundu madogo yaliyozunguka sahani ya chini, hupita kwenye karatasi iliyokunjwakunjwa, kisha hutoka kupitia tundu kubwa la katikati kwenda kwenye injini. Chini ya yale matundu madogo kuna ulimi wa raba unaozuia oili isirudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) gari likizimwa. Kazi yake huonekana zaidi pale filta inapokuwa imelala au imepinduliwa mdomo chini. Raba ya kawaida ya naitrili hukakamaa kwa joto, ya silikoni hubaki laini kwa muda mrefu zaidi. Ukisikia injini inagonga kwa sekunde moja mbili kila asubuhi kisha inanyamaza, mshuku ulimi huo kabla ya kufungua chochote kingine. Rangi isikudanganye: silikoni mara nyingi ni ya machungwa au nyekundu, lakini raba ya bei rahisi pia hutiwa rangi. Bonyeza kwa ncha ya kijiti safi cha plastiki kupitia tundu. Inapaswa kunepa na kurudi palepale.

Kuna pia vali ya dharura. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito mno kupenya, vali hii hufunguka ili injini ipate oili isiyochujwa badala ya kukosa oili kabisa. Kiwango cha kufunguka kwake hutegemea injini, na kwa kawaida kipo kati ya baa 0.5 na 1.5. Springi ikiwa laini kupita kiasi, vali hukaa wazi muda mwingi na uchafu hupita bila kuguswa. Ikiwa ngumu kupita kiasi, karatasi hupasuka kwanza. Hapa ndipo filta "zinazoingia" zinapoleta madhara yasiyosikika. Injini nyingine zina vali hiyo kwenye bloku yenyewe, kwa hiyo filta yake halali haina vali. Usiite feki kwa sababu hiyo pekee, ila filta ya namna hiyo usiihamishie kwenye injini inayotegemea vali ya ndani ya filta.

Kuhusu uwezo wa kuchuja, maneno "inachuja mikroni 20" yakiandikwa peke yake (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita) hayana maana yoyote. Hata wavu wa dirisha hunasa punje moja moja za mikroni 20. Kinachohitajika ni asilimia pamoja na mikroni, kwa kipimo cha kimataifa cha filta za oili, ISO 4548-12, kwa mfano asilimia 99 kwa punje za mikroni 20 na kuendelea. Mtengenezaji aliyepima hutaja vyote viwili. Ama kuhusu karatasi ya kawaida dhidi ya sintetiki, anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 hana haja kubwa ya kulipia sintetiki. Karatasi nzuri iliyogundishwa vizuri inatosha. Anayefikisha kilomita 15,000 kwa oili moja ndiye anayeihitaji, maana karatasi hulegea ikikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu.

Kabla ya kulipa, washa tochi ya simu uangalie tundu la katikati. Meno yawe safi. Ukiona vinyweleo vya chuma vilivyobaki kiwandani, irudishe, kwa sababu tundu hilo ndilo njia ya kutokea oili: kinyweleo hicho hakitapita tena kwenye karatasi, kitakwenda moja kwa moja kwenye beringi za krenki. Kisha linganisha namba iliyopigwa kwenye kopo na iliyo kwenye boksi. Maandishi yaliyotanda wino, kopo lisilo na namba ya toleo la uzalishaji, gasketi inayodondoka yenyewe ukigeuza filta, hizo ni dalili mbaya. Chapa zinazosifika ndizo zinazoghushiwa zaidi, na stika ya kung'aa nayo hughushiwa, hivyo duka la wakala anayetambuliwa na kampuni lina uzito kuliko stika.

Watu hulipa sana kwa jina la gari kwenye boksi. Ukweli ni kwamba kampuni nyingi za magari hazitengenezi filta. Hununua kwa watengenezaji kama Denso, Mahle, Bosch na Mann+Hummel. Spea ya mtengenezaji huyo ikiuzwa kwenye boksi lake mwenyewe mara nyingi hushuka bei bila kushuka ubora, mradi namba yake ioane na ya gari lako. Namba hiyo itafutwe kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari na mwaka, kwani gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na injini tatu tofauti. Magari mengi yana namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia namba fupi yenye mstari katikati, na baadhi ya mifumo ya kutafutia spea huikataa. Hapo tumia katalogi ya soko la Japani pamoja na namba ya aina ya injini (engine code).

Filta nzuri huharibiwa na ufungaji mbaya. Baada ya kutoa ya zamani, hakikisha gasketi yake imetoka nayo. Ikibaki imeng'ang'ania kwenye bloku na mpya ikafungwa juu yake, gasketi mbili hazishiki presha, na oili hutoka kwa kasi. Paka oili safi kwenye gasketi mpya, kaza kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, kwa kawaida robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia. Washa injini kwa nusu dakika huku ukitazama chini, zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti cha oili cha injini na ongeza. Filta hubeba oili yake yenyewe, mara nyingi nusu lita au pungufu. Ndiyo maana kitabu cha gari hutaja vipimo viwili, cha kubadilisha pamoja na filta na cha bila filta.

Kwa injini za filta ya karatasi tupu inayowekwa ndani ya nyumba yake, oringi (pete ya raba) ya kifuniko hubadilishwa kila mara. Baadhi zina oringi ndogo ya pili kwenye shina, na hiyo ndiyo hutupwa pamoja na boksi. Kifuniko cha plastiki hupasuka kikizidishwa nguvu; mkazo wake mara nyingi umeandikwa juu yake, 25 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa injini nyingi. Pete bapa (washa) ya bolti ya kumwagia oili nayo iwe mpya. Ni kitu cha bei ndogo kabisa katika sevisi nzima, na ndicho kinachorukwa.

Ukitaka kuhukumu filta uliyokwisha kuitumia, iache ichuruzike usiku mzima kisha ikate kwa kikatio cha gurudumu. Msumeno wa chuma utamwaga vumbi lake ndani na hutajua kipi ni kipi. Tandaza karatasi. Mikunjo iliyolaliana upande mmoja, kifuniko cha ncha kilichobanduka, au nafasi pale ncha mbili za karatasi zinapoungana, maana yake oili ilikuwa inapita pembeni. Vipande vinavyong'aa vipitishie sumaku: vinavyonasa ni vya chuma, kwa mfano vya kemshafti au ringi za pistoni, visivyonasa, hasa vyenye rangi ya shaba, vyaweza kuwa vya beringi, na hapo injini ikaguliwe haraka.

Kufunga si kufaa kwa spea nyingine pia. Filta ya hewa huchaguliwa kwa ukingo wake zaidi ya karatasi yake. Futa kwa kitambaa cheupe upande wa bomba liendalo injini: kikitoka na vumbi, hewa inapita pembeni, na mchanga huo husaga silinda kwa kasi ambayo filta ya oili haiwezi kuifidia.

Plagi zina mtego wake. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi, yaani inayotoa joto lake haraka zaidi. Kwa Bosch, namba kubwa ni ya moto zaidi. Anayebadilisha chapa kwa kulinganisha namba peke yake huweza kuweka plagi kinyume na inayotakiwa, kwa hiyo tumia jedwali la ulinganisho la mtengenezaji.

Pedi za breki zitafutie alama ya E ndani ya duara ikifuatiwa na 90R, iliyopigwa kwenye bamba la chuma. Alama hiyo ni ya kanuni ya R90 ya Umoja wa Mataifa, inayodai pedi mbadala isitofautiane na ya awali kwa zaidi ya asilimia 15 katika uwezo wa kusimamisha gari. Ikiwa alama ipo kwenye boksi lakini haipo kwenye bamba, pedi hizo zirudishwe.