Kabla hujang'oa dirisha: fleti za Mji Mkongwe wa Edinburgh

Malalamiko mengi tunayopokea kuhusu fleti za Mji Mkongwe yanafanana: dirisha la mbao limeng'olewa, la plastiki limewekwa, mwenye fleti anasema hakujua kuwa kibali kinahitajika. Tunaamini wengi hawana nia mbaya.

Tazama Gladstone's Land, jengo la kale pale mtaa wa Lawnmarket. Mfanyabiashara Thomas Gledstanes na mkewe Bessie Cunningham waliinunua mwaka 1617, wakapangisha sehemu ya nyumba hiyo ya ghorofa sita. Kufikia 1934 ilikuwa imechakaa na ilikuwa ibomolewe, National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi urithi, ikainunua. Katika matengenezo, nyuma ya dari za baadaye zikaonekana boriti na mbao zilizochorwa maua na matunda, kazi ya karibu mwaka 1620.

Kwa hiyo "mimi sijagusa nje" si hoja. Jengo likiwa kwenye orodha ya urithi linalindwa nje na ndani, isipokuwa orodha yenyewe itamke wazi kuwa sehemu fulani haimo. Daraja C, la chini kabisa kati ya A, B na C za orodha hiyo, halimaanishi "ukuta wa mbele tu". Uvumi huo tumeukanusha mpaka tumechoka.

Kazi inayobadilisha sura ya jengo la namna hii inahitaji kibali cha jengo la urithi chini ya Sheria ya 1997, sheria ya Scotland ya majengo ya urithi, kinachoombwa halmashauri ya jiji. Kibali hiki si kile cha ujenzi, wala si ruhusa ya mipango miji. Unaweza kuhitaji vyote vitatu, na kupata kimoja hakukupi kingine. Kibali cha jengo la urithi kwa kawaida hudumu miaka 3; usipoanza kazi, unaomba upya. Kufanya kazi bila kibali hicho ni kosa la jinai kwa fundi na kwa aliyemtuma: kifungo hadi miaka 2, faini isiyo na kikomo, au vyote, kesi ikiendeshwa kwa utaratibu wa mashtaka mazito. Notisi ya kurudisha jengo lilivyokuwa haina ukomo wa muda, na hupewa mmiliki wa sasa. Dirisha lililowekwa na aliyekuuzia ni lako. Kagua kabla ya kusaini.

Saruji nayo! Jiwe la mchanga linahitaji chokaa kwenye viungo vyake. Ukiziba kwa saruji, unyevu hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe, nalo huanza kumeguka, na jirani wa chini ndiye anayeokota vipande ngazini.

Ukija kuuliza, tuletee picha za dirisha lilivyo sasa, si za katalogi ya fundi.