Tangi tupu ndilo la kuogopa: kusafisha na kupaka rangi tangi la Land Rover ya zamani

Wenye Land Rover za Series, zile zilizotengenezwa kati ya 1948 na 1985, hujivunia bodi ya aluminiamu isiyoshika kutu. Wana haki, ila tangi la mafuta ni la chuma. Kwenye zile fupi, tangi hilo la lita 45 hivi liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, kwa hiyo hapa kwetu dereva anakalia petroli yake. Tope la barabarani hurukia juu ya tangi, likaganda kwenye ukingo wa maungio na kukaa na unyevu wiki nzima baada ya mvua. Kutu huanzia hapo.

Wanaokuja karakana yetu ya mafunzo huuliza wapake rangi gani. Kabla ya rangi, mimi huwauliza tangi limeoshwaje. Wengi hujibu, “Halina kitu, mwalimu, ni tupu.”

Tangi lililojaa petroli haliwezi kulipuka kwa ndani kwa sababu halina hewa ya kutosha. Tupu ndilo lina hewa na mvuke pamoja. Mvuke wa petroli huanza kushika moto ukifikia kama asilimia 1.4 ya hewa. Kwa tangi la lita 45, kijiko kimoja cha chai cha petroli kikiyeyuka ndani kinatosha na kuzidi, na kijiko hicho hujificha kwenye kutu na mikunjo ya maungio hata baada ya miezi. Ndiyo maana tangi lenye tundu halipelekwi kwa fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea pale kona. Tafuta aliyesomea kuchomelea matangi, na umwambie waziwazi kwamba hili lilikuwa na petroli.

Kazi ifanyike nje, mbali na jiko, sigara na jenereta. Usiingize gari kwenye shimo la gereji, kwani mvuke huo ni mzito kuliko hewa na hutuama chini. Chomoa waya wa betri kwanza. Chini ya tangi kuna boliti ya kumwagia mafuta. Ifungue, mafuta yaingie kwenye chombo kilichowekwa chini ardhini. Ile tabia ya kunyonya mpira kwa mdomo tuiache. Petroli ikipitia njia ya hewa huunguza mapafu. Aliyeimeza asitapishwe, na maziwa si dawa yake, apelekwe hospitali.

Tangi likishashuka, toa floti ya geji na kifuniko, kisha lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta. Jaza hadi juu, mwaga, rudia. Mara tatu si nyingi. Maji hayo yasiende shambani wala mtaroni. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi, ile metali yenye sumu, mwishoni mwa 2005, kwa hiyo tangi la miaka ya 1970 limeishi na risasi kwa miongo kadhaa. Yaweke kwenye dumu lenye alama, ulipeleke kwa wanaopokea mafuta machafu.

Kutu ya ndani huondoka kwa asidi ya sitriki, ule unga mchachu wa kutengenezea ubuyu. Gramu 50 kwa kila lita ya maji, kwa siku moja. Usizibe tangi wakati huo, maana asidi ikigusa chuma hutoa gesi ya haidrojeni, nayo pia hushika moto. Ukimwaga, suuza kwa maji yenye bakingi soda, kisha likaushe haraka kwenye jua kali la mchana. Ukichelewa saa moja tu utaona wekundu mpya.

Kwa nje, msasa uwe wa maji. Matangi mengi ya zamani yalipakwa tabaka la risasi na bati juu ya chuma, na rangi yenyewe huenda ina risasi. Ukisugua pakavu unaipumua, na watoto wanaikuta sakafuni. Wala usikwangue hadi chuma kitupu pasipo na kutu: tabaka lile bado linafanya kazi.

Rangi yenyewe haina makuu. Praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushikia chuma, mikono miwili, ilale usiku, kisha rangi nyeusi ya chesisi kwa brashi. Rangi za kuchanganywa na kikaushio chenye kemikali iitwayo isosianeti waachie wenye chumba maalumu na hewa safi ya kupumua inayoletwa kwa bomba, kwa sababu huleta pumu na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Tangi lenyewe linajificha chini ya kiti. Sijui nani atalikagua kama linang'aa.

Wakati wa kurudisha, watu hulalamika geji imekufa. Mara nyingi ni rangi yao mpya imeikatia umeme njia, kwani floti hupata umeme wa upande hasi wa betri kupitia tangi na boliti zake. Kwangua rangi chini ya boliti moja. Chungulia pia tundu la hewa la kifuniko. Likizibwa na rangi, gari litatembea kilomita chache na kuzimika kama limeishiwa mafuta. Tia lita tano, tandika boksi kavu chini ya tangi, na usiwashe injini hadi asubuhi utakapoliona boksi lile halina doa.